Nilivyoifungua Sili ya Pampu

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akasubiri ushujaa huko mbele. Nimekuwa fundi wa pampu za dizeli tangu ujana wangu, na watu wakiona mikono yangu ilivyojaa mafuta hudhani na moyo nao ni wa chuma. Si kweli. Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa na banda langu Gerezani, hatua chache tu kutoka Kariakoo, na kila gari la polisi lililopita pale lilinikausha mate hata kama sikuwa na kosa. Siku niliyokuwa na kosa, ndiyo ninayotaka kuieleza.

Dizeli ilikuwa adimu. Shirika moja la umma, ambalo sitalitaja, likaamua kubana pampu za malori yake yote. Ndani ya pampu mna ufito wa chuma unaokwenda mbele na kurudi nyuma. Ukienda mbele injini inakunywa sana, ukirudi inakunywa kidogo. Mafundi wa shirika waliukazia ufito ule mpaka wake, yaani bolti ndogo ya kuuzuia usiende mbele sana, wakafunika na kifuniko kidogo, wakapitisha waya kwenye vitundu vya vichwa vya skrubu zake, kisha wakaubana waya kwa kidonge cha risasi chenye mhuri. Hiyo ndiyo sili. Gari likirudi gereji, mkaguzi aliitazama sili kabla hajaitikia salamu ya dereva.

Mume wa dada yangu aliendesha moja ya malori hayo. Alikuwa mtu mpole, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti. Alibeba mchele kutoka bandarini kupeleka maghalani, na pampu ile iliyobanwa ilimwaibisha. Akipanda kutoka Jangwani kwenda Magomeni na mzigo, wenye baiskeli walimpita na kumpungia mkono. Akawa anachelewa kila siku. Alishapewa barua mbili za onyo, na kila dereva alijua kwamba ya tatu ni ya kuagwa. Alikuwa na watoto wanne na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Alikuja bandani asubuhi moja, akaegesha lori na kukaa juu ya tairi bovu.

"Shemeji, nifungulie kidogo tu," aliniambia. "Kidogo cha kupandia kilima."

"Na sili?"

"Wewe si ndiye fundi?"

Ningeweza kukataa. Neno hujuma lilikuwa midomoni mwa kila mtu siku zile, na mtu aliyechezea gari la umma hakuhitaji kuelezwa ataitwa nani. Lakini dada alikuwa ameshanifuata nyumbani jana yake na hakusema kitu, alikaa tu mkekani akichambua mchicha wangu kana kwamba ni wake. Nikachukua koleo.

Kuufungua ule mpaka ni kazi ya dakika chache. Nililegeza mzunguko mmoja na robo, tukawasha injini, nikashika fulana nyeupe nyuma ya bomba la moshi. Hatukuwa na mashine ya kupimia, hivyo fulana ndiyo ilikuwa kipimo chetu. Ikitoka na rangi ya chai, mafuta yanatosha. Ikitoka nyeusi, umezidisha. Ilitoka na rangi ya chai. Shemeji akacheka kwa mabega.

Taabu ilianza kwenye kufunga. Skrubu moja ya kifuniko ilikuwa imeliwa na kutu, na kichwa chake kikakatika mkononi mwangu. Skrubu za kawaida nilikuwa nazo, ila hazikuwa na kitundu cha kupitisha waya, na bila waya hakuna sili. Nikamwaga chini kopo langu la skrubu kuukuu na kupata moja yenye kitundu, iliyotoka kwenye pampu ya trekta. Ilikuwa ndefu kidogo. Nikaiwekea vikola viwili, vile vijiduara vya bati, chini ya kichwa ili isiingie sana ndani, nikaipima kwa jicho, nikajiambia inatosha. Kisha nikakitoboa upya kile kidonge cha risasi kwa sindano ya moto, nikapitisha waya mpya na kukibana taratibu. Mhuri haukuguswa. Mpaka leo sijafanya kazi safi kama ile, na ninaona haya kuisifu.

Sisi mafundi wa Gerezani tulikuwa na desturi yetu. Ukifungua pampu ya mtu, hubaki bandani. Unapanda naye gari likiwa na mzigo mpaka kilima cha kwanza, ili kama umekosea muumie wote. Siku ile nilipanda naye hadi Magomeni, lakini gari likiwa tupu. Kesho yake alipokwenda kupakia nilimwambia nina kazi nyingi. Sikuwa na kazi yoyote. Niliogopa kuonekana ndani ya lori la shirika.

Adhuhuri nikaisikia. Fundi wa pampu huijua sauti ya injini aliyoishika, na hii ilikuwa ikilia kwa ukali uliozidi kupanda, bila kupumua, kutoka upande wa sokoni. Nilijua palepale. Ufito ulikuwa umekwenda mbele, umenaswa na ncha ya skrubu yangu na umegoma kurudi, na injini ya dizeli ikifika hapo haisikii mguu wala ufunguo, inakunywa na kukimbia mpaka ipasuke. Nilinyakua gunia, nikalitumbukiza kwenye pipa la maji, nikakimbia.

Barabara ilijaa moshi mweusi. Watu walikuwa wakikimbia kunipita, wamebeba vikapu, kuku, watoto. Nilivyoelezwa baadaye, gurudumu la nyuma lilizama kwenye shimo, shemeji akakanyaga mafuta mpaka mwisho kwa mara ya kwanza tangu nimfungulie, na gari lilipochomoka mlio wa injini haukushuka tena. Alipiga honi, akakata kona na kuliegemeza kwenye ukuta wa ghala ili lisiingie kwenye watu. Kati ya ukuta na lori ulikuwepo mkokoteni, na mwenye mkokoteni hakuwahi kuutoa mguu wake. Nilimkuta shemeji amesimama juu ya breki kwa miguu yote miwili, macho yamemtoka. Niliparamia injini nikasokomeza gunia kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Ikakohoa, ikafa.

Kimya kilichofuata kilinitisha kuliko ule mlio. Ndipo nilipomsikia yule hamali wa mkokoteni akilia, mguu wake umevunjika chini ya goti.

Mkaguzi wa shirika alikuja na askari wa barabarani. Alifunua boneti, akainama, akashika waya kwa vidole viwili. Nilisimama karibu yake.

"Sili haijaguswa," alisema, na askari akaandika.

Akanigeukia. "Wewe ni fundi? Umeona nini hapa?"

"Sijaona kitu, mzee."

"Ndugu dereva, ilikuwaje?"

Shemeji alinitazama. Alikuwa anajua, si urefu wa skrubu, lakini alijua nani alitia mkono mle ndani. Nilitamani aseme na niliogopa aseme.

"Mguu uliteleza," alijibu. "Nikakanyaga sipo."

Wakamchukulia leseni palepale. Barua ya tatu haikuchelewa.

Wakati huo lori lilivutwa gereji, injini ilipoa, ufito ukarudi wenyewe mahali pake kwa mitikisiko, na baada ya siku tatu lori likapewa dereva mwingine. Nililiona likipita na mchele, na skrubu yangu ndani yake. Sikula siku ile. Kila injini iliyopandisha sauti sokoni ilinisimamisha. Dada naye alikuja, na safari hii alisema. "Nenda kawaambie pampu ilikuwa mbovu. Wewe ni fundi, watakusikiliza. Mwenzio anakaa ndani mchana kutwa, hata barazani hatoki." Sikumwambia kwa nini pampu ilikuwa mbovu. Nilimuahidi kwamba nitakwenda.

Nilikwenda kesho yake. Nilitembea mpaka lango la gereji na kurudi, mara mbili, mara ya tatu mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nikamwomba aniitie mkaguzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema."

Nikasema yote: koleo, sindano ya moto, skrubu ya trekta. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mgonjwa. Alinisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza nilimwona anachungulia mlango kama umefungwa. Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa: ripoti iliyosema sili haijaguswa ilikuwa na sahihi yake.

Alinipeleka mwenyewe kwenye lori. Akakata waya, akaichomoa ile skrubu, akaipima kwenye kucha ya kidole gumba, akaitia mfukoni. Akaukaza mpaka tena, akaweka skrubu inayostahili, waya mpya, risasi mpya, akabana kwa mhuri wake. Alitumia dakika kumi hivi.

"Hukuja hapa," aliniambia. "Na mimi sikukuona. Nenda nyumbani."

Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa mikono miwili, nimeinama. Nilitoka lile lango mwili mwepesi, jasho limenikauka mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nikasikia njaa. Nilinunua muhogo wa kuchoma wenye pilipili, nikaula nikitembea. Nilikuwa nimeshavuka Mtaa wa Msimbazi ndipo nikatambua kwamba sikumtaja shemeji hata kidogo, wala leseni yake, wala kazi yake.

Lango lilikuwa bado karibu, ningeweza kurudi. Nikaendelea kutembea. Dada yangu alikuwa barazani kwake, ananisubiri nimweleze walichosema.