Ngozi ya Kuprintiwa Haitoi Jasho

Mie ni mtu wa utani, ndiyo maana hii habari watu wananikatalia. Sawa, kataeni. Ila mkono ninao, njooni Manzese muushike.

Nakaanga chipsi. Kuna siku karai la mafuta lilinipindukia, mkono wa kushoto ukaiva kuanzia kiwiko mpaka kwenye kifundo. Hospitali moja walikuwa na majaribio ya kuprinti ngozi. Shule niliishia kidato cha pili, printa naijua ile ya stesheneri tu, kwa hiyo nikamuuliza daktari, "Sasa wino ukiisha katikati?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Akanieleza wino wenyewe ni chembe hai za ngozi yangu: wanachukua kipande kidogo pajani, wanazizalisha, halafu mashine inazipanga tabaka kwa tabaka. Ngozi ikashika. Mke wangu anasema siku hizi nikimpa mtu mkono nampa paja. Daktari alinionya tu kwamba ngozi hiyo haitoi jasho wala haioti nywele. Kweli bwana, mie nikilowa mwili mzima mbele ya jiko, kiraka kilikuwaga kikavu kama sahani.

Sasa sikia. Jioni moja, adhana ya magharibi ndiyo inaisha, nikamwaga mtaroni maji ya moto niliyooshea karai. Nyie mliolelewa na bibi wa Pwani mnajua: maji ya moto humwagi chini saa hizo bila bismillahi, maana huoni nani kakaa hapo. Mie nilikuwa naimba.

Nikasikia mtoto analia. Mtaroni hakuna mtu. Kugeuka, kwenye benchi la wateja kakaa mama wa buibui, ananukia udi, kapakata kabinti. Mkono wa kale katoto umebabuka kama wangu ulivyobabuka, unafuka mvuke. Mteja wangu yupo benchi hilohilo, anakula chipsi, wala hageuki. Miguuni kwa yule mama sikutazama. Kuna vitu ukivihakikisha unazimia.

"Shikamoo," nikasema. Ndiyo, nilimwamkia jini. Wewe ungesemaje?

"Marahaba. Umemuunguza mwanangu. Sie ni wa moto, kidonda cha maji hatuna dawa yake."

Nikaomba radhi kwa lugha zote ninazozijua, nayo ni moja. Nikamweleza habari za hospitali, printa, wino wa ngozi ya mtoto mwenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza pale dirisha la mapokezi hospitali nani atamwandikisha mwanawe. Akaniomba huo mkono wangu.

Nikajua anakibandua kiraka. Niamini, nilitaka kukimbia. Mkono ule unalisha nyumba yangu. Lakini katoto kalikuwa kanalia vilevile anavyolia binti yangu. Nikaunyoosha, nikafumba macho.

Hakubandua. Aliulaza mkono wa mwanawe juu ya wangu. "Hii ngozi imefundishwa kuota," akasema. "Imfundishe na huyu."

Baridi ikanipita, halafu joto. Kilio kikakatika. Nafumbua macho, mama hayupo, harufu ya udi imekaa juu ya harufu ya mafuta, na mteja wangu ananiuliza mbona nimenyoosha mkono kama naomba lifti.

Haukupita muda kiraka kikaanza kutoa jasho. Kikaota na vinywele, laini kama vya mtoto mchanga. Daktari alimulika na tochi, akaita wenzake, wakachukua kipande wakachunguze. Wanasema wakielewa kilichotokea, walioungua wengi watapata ngozi inayotoa jasho. Nikawaambia ukweli wote. Wakaandika kwenye faili: mgonjwa mcheshi.

Mpaka leo, nikisogea mtaroni jioni na maji ya moto, kuna siku kiraka kinalowa chapa kabla sijainama. Najua yule mtoto yupo hapo anacheza, na mkono wake umepona. Basi nasema bismillahi kwa sauti, nasubiri asogee, ndipo namwaga. Nawe fanya hivyohivyo. Si kila mama wa mtaroni atakuja kukaa kwenye benchi akuombe kwa upole.