Hatari Zilizoliwa na Mkaza Mjomba

Kombi ya mjomba ilikuwa na vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa na mapazia ya kanga, na haikuwa na breki za kuaminika. Mgeni mmoja mpima barabara alimwachia alipomaliza kazi yake Mtwara, ikiwa imekufa injini. Mjomba, ambaye alikuwa seremala, akaitengenezea vitanda. Mwanawe, binamu yangu, akaifufua kwa vyuma vya kuokotaokota. Mimi nilichangia ndoto.

Ndoto yenyewe ilikuwa hii: tuondoke mtaani kwetu Likombe, tushuke mpaka Kitaya, kisha tuufuate mto Ruvuma hadi unapomwagika baharini. Tulale humo humo garini siku nne, tupike wenyewe, tuamke tukiwatazama viboko dirishani kama watu wa Shangani, mtaa wa wenye nazo, wanavyoitazama bahari. Nilikuwa na darasa la saba langu na ramani niliyoichora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Katika ramani ile mto ulikuwa mwembamba, wa bluu, na hauna mamba hata mmoja.

Tatizo nililijua mimi peke yangu. Aliyejua kuendesha ni binamu, na binamu alikuwa haoni mbali. Wiki hiyo hiyo nilimsikia akikiamkia kichuguu shikamoo, kwa heshima zote, hadi akainamisha kichwa. Nilicheka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alinishika mkono.

"Usimwambie mtu," akasema. "Ushirika wanatafuta dereva wa lori la korosho. Wakisikia haya, nimekwisha."

Nikaapa. Alikuwa akiutamani usukani wa lori lile tangu tulipokuwa watoto, tukiendesha mifuniko ya sufuria. Na miwani ya siku zile ilikuwa ya walimu na makarani. Kijana wa kwetu akiivaa ataitwa profesa mpaka siku anazikwa.

Basi ikabaki ruhusa. Kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba, na hata baba yangu nilipomuuliza alinijibu, "Kamuulize mwenye mali." Tukaenda kwa mwenye mali alasiri moja, tukamkuta uani na mkewe wakibangua korosho zilizotoka kuchomwa, mikono myeusi, moshi bado unawasha macho. Mjomba alisikiliza ndoto yote. Kisha akavuta sahani mbili za bati.

"Hatari huku, raha huku," akasema. "Kila moja korosho moja. Itakayojaa ndiyo itakayosema, mimi simo."

Akaanza mwenyewe. "Mamba." Korosho ya kwanza.

"Viboko," akasema binamu, akaiweka yake kwenye raha.

"Kiboko ni raha?"

"Ukimwona kwa mbali, baba."

Nikakohoa.

"Mabomu ya kutegwa," mjomba akaendelea. "Vita ya ng'ambo ya mto imekwisha, lakini bomu halikuambiwa. Breki. Mgambo, watataka barua."

"Balozi wa nyumba kumi atatuandikia," nikasema.

"Balozi wetu? Mwandiko ule kama kuku kapita! Akiwaandikia ndiyo mtafungwa."

Nasi tukaweka zetu: samaki wabichi, upepo wa mtoni, hadithi za kurudi nazo, na usingizi usio na mkoromo wa mjomba. Hiyo ya mwisho aliiweka mkewe, kwa niaba yetu. Tulipofika jua kali, mchanga na kukosa tairi la akiba, mjomba akaitazama sahani yake akashangaa. Ilikuwa na korosho mbili tu. Akamgeukia mkewe, ambaye shavu lake lilikuwa linacheza.

"Mama watoto, unatafuna nini?"

"Si nilidhani zimewekwa za kutafuna?"

"Umemla mamba!"

"Hata chumvi hakuwa nayo," akasema mkaza mjomba. "Bomu afadhali."

Mjomba alicheka hadi machozi, lakini neno lake lilikuwa neno. "Sahani imesema. Nendeni, inshallah."

Binamu akaruka juu. Mimi nilikuwa bado nimeshika korosho moja, imelowa jasho. Niliyafikiria materemko ya kwenda mtoni, na binamu akiyachukua makorongo kwa kubahatisha. Nikaufikiria na usukani wa lori. Nikaiweka kwenye hatari.

"Hiyo nini tena?" mjomba akauliza.

"Mimi," nikasema. "Naogopa. Siendi."

Lo! Mkaza mjomba alipiga kigelegele. "Mwanamume mzima! Mwenye ramani! Mpeni kanga ajifunge!"

"Mwoga we!" binamu alipiga kelele kuliko wote. "Nenda kalale na bibi!" Kisha kicheko chake kikakata katikati, kama gari lililoishiwa petroli. Akainuka, akaja upande wangu, karibu kabisa, pale ambapo angeweza kuuona uso wangu. Akanitazama.

Siku tatu mtaa mzima uliniita bibi harusi. Asubuhi ya nne nilikuwa nimekaa garini, kiti cha abiria, nikijihurumia, binamu akafungua mlango.

"Hamia kule."

"Kwa dereva?"

"Macho unayo wewe. Mimi nitakwambia miguu ifanye nini." Akakaa, akageukia dirishani. "Nimemweleza baba. Na ushirika wanataka fundi pia."

Nikahamia kwa dereva, nikawasha gari. Likanizimikia mara tatu. Ya nne kombi ikaruka kama chura, ikaondoka, tukashika njia.

"Mbele kuna nini?" akauliza.

"Mbuzi."

"Wangapi?"

"Wawili. Hapana, watatu, mmoja amelala."

"Piga honi."

"Imekufa."

"Basi tuwapigie kelele."

Tukatoa vichwa nje, kila mtu dirisha lake, tukapiga kelele kwa nguvu zetu zote, yeye akiukaripia upande usio na mbuzi.