Askari Niliyempita Mteremkoni

Mke wangu alizikwa nikiwa Kizuka nanunua mawese. Niliporudi Rumonge siku ya tatu nilikuta dada yangu ameshakunja mkeka wa marehemu na kuusimamisha ukutani. Mke wangu alikuwa na malale, ule ugonjwa wa usingizi. Daktari wa Kizungu alimchoma sindano miezi mingi katika kambi ya wagonjwa. Yakapotea macho kwanza, kisha akapotea mwenyewe.

"Tulituma mtu akufuate," dada alisema. "Mlipishana njiani."

Nikamwambia sawa. Aliniwekea ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, nikala nikamaliza. Dada akanitazama nilivyokuwa nanawa mikono, akainuka akatoka nje.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa wakati ule wa Wajerumani, kabla ya vita. Sikulia, wala sikuwa najikaza nisilie. Watu walikuja na pole zao, nikazipokea kama mtu anayepokea mizigo ya mwingine.

Nilikuwa mtumishi wa Mgiriki mmoja mwenye duka karibu na ziwa. Alikuwa na baiskeli iliyoletwa kwa mashua ikiwa vipande vipande, naye ndiye aliyenifundisha kuipanda, ili nimfikishie habari kwa wauzaji wa mawese bila yeye kutuma watu watatu. Bwana mkubwa wa boma naye alikuwa na yake. Hiyo ilipandwa na askari mmoja, Mmanyema, aliyepeleka barua. Siku moja wale mabwana wawili walibishana mezani ni mpandaji wa nani angefika Gitega kwanza. Ubishi ukawa mashindano: siku nne, kambi nne, kila siku tunaondoka pamoja jua likichomoza, na kila jioni karani wa kambi tuliyofikia anaandika saa ya kila mmoja. Atakayekuwa ametumia muda mfupi zaidi kwa jumla ndiye mshindi.

"Utaweza?" Mgiriki aliniuliza.

"Nitaweza, bwana."

Angeniambia niingie ziwani na baiskeli ningemjibu vilevile.

Siku ya kwanza tulizibeba baiskeli kuliko zilivyotubeba. Michikichi iliisha, njia ikasimama kama ukuta, tukapanda na vyuma mabegani. Yule askari alikuwa mtu mchangamfu. Alisalimu kila tuliyekutana naye kwa Kirundi, "Amahoro! Amahoro!", amani, na wanawake waliokuwa wakilima waliacha majembe wakapiga kelele, "Mawe!", yaani mama wee, walipoona watu wazima wamebeba magurudumu. Alinitangulia kidogo kufika kambini. Nilipofika alinimegea kiazi cha kuchoma.

"Ndugu, wewe husemi?"

"Nasema."

"Basi sema."

Nikamenya kiazi changu. Akacheka, akala kiazi chake.

Siku ya pili, njia ya kwenda Bururi, nilimshinda mimi. Kule juu kulikuwa na baridi na ukungu, na yeye alilalamika vidole vimekufa kwenye usukani. Mimi sikuona baridi. Miguu ilizunguka tu. Watu walijipanga kwenye migongo ya vilima kututazama, na wengine walikimbia kando yetu mwendo mrefu, wakatuchoka wakarudi. Jioni karani akasema hatujapishana ila kwa kitu kidogo sana.

Sasa niseme kuhusu miteremko. Breki za baiskeli zile zilikuwa kipande cha mpira kinachokandamiza gurudumu la mbele. Kwenye mlima hazikufaa kitu. Kwa hiyo tulikata tawi kubwa lenye majani, tukalifunga nyuma kwa kamba, likawa linaburuzwa na kutuzuia. Jioni ile ya pili, tukiota moto, askari alinyoosha miguu akasema:

"Kesho kuna mteremko mrefu. Mimi sifungi tawi. Linanichelewesha."

Niliijua njia ile. Nilikuwa nimeipita mara mbili na mizigo ya bwana. Nilijua kwamba katikati ya mteremko kuna kona, na nje ya kona hakuna kitu, ni korongo tu. Nikawaza: ataanguka. Niliwaza hivyo wazi kabisa, kama mtu anayewaza kwamba kesho mvua itanyesha. Nikageuza kuni.

Asubuhi alinipita mwanzoni mwa mteremko akipiga mluzi. Mimi nilishuka polepole, tawi likikwaruza mawe nyuma yangu. Nilipofika kwenye kona niliona kofia yake katikati ya njia. Halafu nikasikia sauti kutoka chini.

"Ndugu! Ndugu, simama!"

Nilitazama. Alikuwa amelala kwenye magugu, chini ya njia, mguu mmoja umeelekea upande usio wake. Aliniona nami nikamwona. Nikaikwepa ile kofia nisije nikaikanyaga, nikaendelea kushuka. Aliita tena mara mbili.

Kambini karani aliuliza, "Mwenzako yuko wapi?"

"Nyuma."

Nilikunywa maji, nikalala kwenye nyasi. Mvua ikanyesha ikaacha. Jua lilipoinama ndipo walipotuma watu, wakamleta kwa machela, amelowa, midomo myeupe.

Siku ya nne nilipanda peke yangu. Gitega walipiga baragumu, watu wakaninyanyua juu, nikapewa kitambaa na kisu kizuri. Mgiriki alinikumbatia. Nakumbuka nilikuwa nikitazama kifungo cha koti lake kilicholegea.

Askari aliletwa baada yangu, akalazwa katika nyumba ya wagonjwa ya boma. Nilikwenda kumwona kwa sababu Mgiriki aliniambia niende. Mguu ulikuwa umefungwa kwa vijiti.

"Nimewaambia upepo ulikuwa mkali," alisema. "Nimewaambia hukunisikia."

"Nilikusikia."

Akavuta blanketi.

"Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Mke wangu amekufa."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo kwa kinywa changu. Yalitoka makavu.

"Lini?"

"Kabla ya mvua hizi."

"Pole," akasema. Kisha akasema, "Lakini si mimi niliyemuua."

Akageukia ukutani.

Ilipofika siku ya kurudi, boma lilitaka watu wa kubeba machela hadi Rumonge. Nilimwomba Mgiriki ampe mtu mwingine baiskeli. Alidhani naugua, akanishika paji la uso, kisha akakubali. Nikashika mti mmoja wa machela, siku tano, kupanda na kushuka. Wenzangu walipokezana, mimi nilikataa kupokewa. Yule askari hakunisemesha. Kwenye kona ileile tu, tulipokuwa tunapanda na mguu wangu ukateleza, alisema, "Polepole," na sikujua kama ananiambia mimi au anawaambia wote.

Siku ya tano ngozi ya bega ilichubuka, shati likagandamana na damu. Liliniuma. Nililiacha liume. Tulipomshusha mbele ya boma aliomba fimbo aliyochongewa kule Gitega, nikampa, akaingia ndani akirukaruka kwa mguu mmoja.

Jioni dada alililoweka bega langu kwa maji ya vuguvugu ili kulibandua shati. Aliuliza nani alishinda. Nikamwambia mimi. Akauliza mbona basi nimerudi na bega hivi, nikamweleza yote, tangu kiazi mpaka fimbo. Hakunilaumu wala hakunituliza. Alisema, "Ungemwambia kuhusu kona," akaendelea kubandua.

Mguu wa askari uliunga vibaya, wakamtoa jeshini. Baadaye, vita vilipokwisha na Wajerumani wameondoka, nilisikia anauza chumvi Nyanza, huko wanakokuita sasa Nyanza-Lac. Nilikwenda, nikitaka kumwambia kwamba kona ile niliijua. Alikuwa amenenepa. Alinijua mara moja. Aliuliza habari za Rumonge, nikamjibu. Nikauliza habari za mguu, akasema unauma wakati wa baridi. Akanipimia chumvi. Nyuma yangu walikuwepo watu wengine wanaosubiri, nikawapisha.