Mgongo wa Mkwe Wangu

Mawifi zangu wa Kasubi, Kampala, walinipeleka Ugiriki kama askari anavyopelekwa lindo. Tiketi alituma binti yangu, lakini amri ilitoka kwao. Binti alikuwa ameolewa kule na fundi mmoja wa mashua, Mgiriki, kwa kutia sahihi ofisini na kwenda kula samaki. Hapakuwa na posa wala utambulisho. Mume wangu ni marehemu, na hata angekuwa hai, kwa Waganda mwenye kauli juu ya ndoa ya binti ni ssenga, yaani shangazi yake. Binti yangu anao mashangazi wa kutosha na wa kuzidi.

Wifi mkubwa aliniketisha sebuleni kwake akanipa maagizo kwa Kiswahili wanachonisemesha tangu niolewe. Mimi nimelelewa kambi ya polisi, na wao hudhani Kiswahili ni lugha ya kuamrisha tu.

"Wewe naenda, naangalia," akasema. "Kama hiyo mutu najua heshima, sisi nakubali yeye. Kama nagusa wewe hata kidole, hakuna ndoa. Naludi na mutoto yetu."

Heshima aliyoitaja ni hii: mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe wake, hakai naye chumba kimoja, wala hamkodolei macho. Akimgusa, mikono yake itatetemeka mpaka uzeeni. Mimi sikuzaliwa na mila hiyo, niliolewa nayo, na labda ndiyo maana naishika kwa nguvu kuliko wenyewe. Waume wa binti zangu wengine, wa hapa Kampala, wamenishinda. Mmoja hunibusu shavuni kwenye maduka makubwa mbele ya kadamnasi na kuniita "mami", na mikono yake ni mizima kabisa. Basi ikiwa hawa waliozaliwa chini ya vilima vyetu wako hivyo, Mgiriki nilimtegemea nini? Nilipanda ndege nikiwa nimeshamhukumu.

Kijiji chenyewe, kusema kweli, ni bandari ndogo iliyosahauliwa, pamoja na paka wengi waliokumbukwa. Kuna mtaa mmoja, mkahawa mmoja, kanisa jeupe, na pweza waliotundikwa kwenye kamba kama nguo za watoto. Wazungu wa nchi nyingine husafiri mpaka pale kutafuta utulivu. Wakishaupata hukaa nao mkahawani wamenuna, wanaangalia simu. Asubuhi huvaa viatu vizito, hushika fimbo mbili mbili, hupanda mlima, halafu hushuka. Nilimuuliza binti yangu wanafuata nini juu. Akasema hawafuati kitu. Mimi nimepanda kilima cha Kasubi maisha yangu yote ya ndoa, na mkungu wa matoke kichwani, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilikuwa likizo.

Siku niliyoshuka kwenye feri, binti alikuwa peke yake gatini. Alipiga magoti juu ya mawe yale ya moto kunisalimu, kama nilivyomlea, na watalii wakaanza kutoa kamera.

"Mumeo yuko wapi?" nikamuuliza.

"Yule pale, Maama. Nyuma ya mashua ya kijani."

Nikatazama. Niliona mgongo. Mgongo mpana, shati la bluu, na kichwa kilichoelekezwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu. Mkono mmoja ulikuwa ukinipungia kwa nyuma, kwa adabu, bila mwenyewe kugeuka.

Binti alikuwa amemfundisha. Alijua vizuri nimetumwa nini, na alijua kwamba neno langu moja lingetosha kuifuta ndoa yake Kasubi, yeye ahesabiwe kama mwanamke anayeishi tu na mwanaume ughaibuni. Kwa hiyo alimfundisha mumewe kwa bidii ya mtu anayeogopa, na yule bwana akajifunza kwa bidii ya mtu anayependa.

Jaribu kumkwepa mtu katika kijiji chenye mtaa mmoja. Yeye alihamia kulala kwenye karakana yake ya mashua, mimi nikapewa nyumba. Nikitoka kwenda kanisani, yeye huingia dukani. Nikiingia dukani, yeye hutokea dirishani. Siku chache tu, kijiji kizima kikawa kimeelewa mchezo na kujipangia kazi. Bibi mwenye mkahawa, aliyevaa nyeusi toka juu mpaka chini, alikuwa akigonga sinia kila nilipokunja kona, ili mkwe wangu ajue pa kukimbilia. Padri alipiga mluzi. Watu ambao hawakuwa na jambo tangu wazaliwe walikuwa wamepata jambo. Mume na mke fulani wa kitalii, wakidhani tumegombana, walimshauri binti yangu atutafutie mtaalamu wa kusuluhisha familia.

Ufukweni ndiko nilikocheka mpaka nikaona aibu. Nimekaa chini ya mwavuli nimevaa gomesi langu, lile vazi refu la Kiganda, nakunywa chai, mkwe wangu akaibuka kutoka baharini na kichupi chake cha kuogelea, maji yanamchuruzika. Akaniona. Bila kupiga ukelele akageuka, akarudi majini mpaka shingoni, akasimama pale.

"Maama, maliza chai basi," binti akasema. "Mwenzio anaganda."

"Nani kamwambia atoke?"

Nilimaliza chai kwa taratibu zangu. Yule mtu alikaa humo mpaka midomo ikawa na rangi ya zambarau, na hakulalamika. Hapo moyo wangu ulianza kunisaliti. Nikajisemea kwamba yule wa Kampala angekuja na hicho kichupi chake akaniomba chai.

Halafu binti akanishawishi nipande mlima kama wenzangu wa fimbo mbili, twende tukaone ufuko wa upande wa pili. Njia yenyewe ni ya mbuzi, jiwe huku, genge kule. Tulikuwa tumefika katikati goti langu lilipogoma. Nilianguka nikakaa kitako kwenye majani yanayonukia kama mchuzi, na binti, aliyekuwa na mimba ya miezi mingi, akajaribu kuninyanyua akashindwa. Nilimkataza asijaribu tena. Alianza kulia.

Mkwe wangu alitokea kwenye kona ya chini. Kumbe alikuwa akitufuata kwa mbali njia nzima. Aliniona pale chini, akapiga hatua ya haraka mikono imenyooshwa, na ghafla akasimama. Niliona mikono ile ikirudi mifukoni. Kisha akageuka, akaja kinyumenyume mpaka karibu yangu, akaokota fimbo ndefu, akaipitisha nyuma ya mgongo wake, akasubiri nishike ncha.

Nikashika. Akavuta polepole nikasimama. Tulishuka mlima hivyo, yeye mbele, mimi nyuma nimeshikilia fimbo, binti nyuma kabisa ameshika mkia wa gomesi langu. Penye jiwe linaloteleza alikuwa akilipiga kwa kisigino mara kadhaa ili nijue. Watalii tuliopishana nao walijibanza ukingoni wakatupisha kwa heshima. Nadhani walidhani ni ibada. Mimi nilikuwa nimeutazama ule mgongo karibu karibu, shati limelowa jasho, na nikaona aibu kwa jinsi nilivyokuja nimejiandaa kuuchukia.

Jioni binti alinikanda goti kwa maji ya moto. Nikamwambia kwamba mumewe amenishangaza.

"Alifiwa na mama yake akiwa mtoto mdogo," akasema, bila kuniangalia. "Aliposikia unakuja, alipaka rangi nyumba nzima. Akaniuliza, kwenu mama anapendwa vipi? Nikamwambia, kwa mbali. Akasema basi atakaa mbali, lakini alikuwa ametamani sana akukumbatie."

Nilimwambia aongeze maji ya moto, ingawa yalikuwa yananiunguza.

Siku ya kuondoka kijiji kizima kilikuwa gatini, na yeye alikuwa mahali pake, nyuma ya mashua ya kijani, uso ukutani. Mizigo ilikuwa imeshapandishwa. Niliacha mstari wa abiria, nikaenda na goti langu bovu mpaka nikawa hatua chache kutoka kwake. Sinia la bibi wa mkahawa liligongwa kama kengele ya moto.

"Mwambie ageuke," nikamwambia binti. "Mwambie mama yake anamwita."

Binti akamwambia kwa Kigiriki. Mgongo ukatikisika. Akajibu neno refu bila kugeuka, na binti akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Anasema hapana, Maama. Ssenga mkubwa alimwonya kwenye simu, kwa Kiingereza. Alimwambia siku ya mwisho utamjaribu."

Nikamwambia simjaribu. Nikaapa. Binti akatafsiri, naye akatikisa kichwa akiwa ameegemeza paji la uso ukutani, ameukaza ule mgongo kwa ajili ya ndoa yake. Feri ikapiga honi. Wakanipandisha, na nilipotazama nyuma, mkono wake ulikuwa ukipunga vilevile, kwa nyuma, mpaka sikuuona tena.

Kasubi walinisubiri na chai. Nilipoingia tu, wifi mkubwa akaanza kunihoji kabla sijavua viatu.

"Naligusa wewe?"

"Hapana."

"Naliangalia wewe kwa macho?"

"Hapana. Hata mara moja."

Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilisikika mpaka bondeni. Walisema haijapata kutokea, walisema Mzungu amewashinda wana wa nchi, walisema ndoa imepita. Wakaona machozi yangu wakadhani ni furaha. Wifi mkubwa akanipigapiga begani akasema sasa kazi imekwisha, heshima imetimia, hakuna sababu tena ya mimi kusumbuka kwenda kule.

"Nitaenda," nikasema. "Mtoto akizaliwa nitaenda, nitamgeuza yule kijana kwa mikono yangu hii miwili nimkumbatie, na atetemeke atakayetetemeka."