Mtoto Asiye na Wivu

Runinga iliingia nyumbani kwetu Rusimbi kwa mkono wa mdogo wangu wa kike, kama vitu vyote vizuri vya nyumba ile. Aliituma kutoka Dar es Salaam pamoja na king'amuzi, ili mama asiwe mpweke. Mpweke! Mimi nilikuwa wapi? Naishi na mama mwaka wa kumi na moja sasa, tangu baba afariki na ndoa yangu kuvunjika. Asubuhi naanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, adhuhuri narudi kupika, namwogesha, namkanda magoti. Lakini mgeni akiingia, mama humwonyesha ile runinga na kusema, "Mwanangu kanikumbuka." Mwanangu huyo si mimi.

Mama anapenda filamu za wanyama kupita kiasi. Baada ya swala ya alasiri hujilaza mkekani, mito miwili mgongoni, na mtangazaji akisalimia, yeye humjibu, "Njema, baba." Swala akimponyoka simba, mama humshukuru Mungu, dakika tano baadaye anawahurumia watoto wa simba kwa njaa. Mimi hukaa pembeni nikichambua mchele, nikijifanya sitazami.

Hapa lazima niseme kuhusu sifa yangu. Kwetu kifungua mimba wa kike hafanywi mtoto kwa muda mrefu. Mdogo wake akizaliwa tu, yeye anaanza kuitwa mama. Anawapakulia wenzake, anakula mwisho, na anasifiwa kwa kunyamaza. Mimi sifa hiyo niliipata mapema. Mama huisimulia kwenye harusi na kwenye misiba: alipopata mimba ya mdogo wangu alijipaka shubiri kwenye ziwa ili aniachishe, nikaonja mara moja, nikakunja uso, nikaenda kukaa mlangoni. Sikulia. "Huyu hana wivu," humalizia. "Hata haujui ukoje." Watu hunitazama kwa heshima, nami huinamisha kichwa. Nimeitunza sifa hiyo miaka hamsini, huku wivu wenyewe ukinila mpaka mifupa.

Mwaka jana mdogo wangu alikuja kwa Idi. "Shikamoo, dada," akasema, akanikumbatia. Alinukia vizuri, nami niliyachukia hata yale manukato, maana nilijua mikono yangu inanuka nini. Mama, ambaye jana yake hakuweza kuinuka bila kunishika bega, alitoka mpaka barazani kwa miguu yake mwenyewe. Tena alikuwa amejifunga khanga niliyomnunulia mimi, ile aliyoniambia inamwasha.

Siku ya pili nilipika samaki, migebuka, kwa mawese, na ugali wa muhogo. Mama akaivuta sahani ya mdogo wangu, akaanza kumtolea miiba. Mwanamke wa miaka hamsini, mwenye ofisi na dereva, amekaa anasubiri kutolewa miiba! Mimi nilikula kichwa na mkia jikoni, kwa kuwa mpishi hula kilichobaki. Mwiba ulinikwama kooni, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Hakuna aliyeuliza.

Jioni tulitazama sokwe. Huenda walikuwa wa hapa hapa kwetu, wa milima ya kaskazini, wanakopelekwa wageni kwa boti. Sisi wenyewe hatujawahi kwenda. Sokwe mmoja alikuwa na kichanga kifuani, na binti yake mkubwa, aliyeachishwa ziwa karibuni, alimfuata nyuma. Binti akanyoosha mkono kwenye ziwa. Mama yake akausukuma, akaenda zake. Basi yule binti akajitupa chini, akapiga mayowe, akang'oa majani, akagaagaa mavumbini mbele ya ukoo mzima. Hakuona haya hata kidogo.

Mama yangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwone huyo na wivu wake! Dada yako hakuwa hivyo."

Mdogo wangu husoma vitabu vya namna ya kuishi kwa amani. Akasema wanyama ndio wanaoijua furaha. "Hawajilinganishi na wenzao, dada. Sisi binadamu tunajitesa bure."

"Na huyo anafanya nini?" nikamuuliza. "Si anajilinganisha?"

Akatabasamu. "Huyo bado mtoto."

Sokwe mama alikuwa amerudi. Ziwa hakutoa. Alikaa karibu na binti yake, akamvuta, akaanza kumchambua manyoya taratibu, na kichanga bado kimemng'ang'ania kifuani. Yule binti akatulia, akafumba macho. Furaha niliiona pale, nami nikamwonea wivu mnyama, Mungu anisamehe. Hakuwa ameipata kwa kukosa wivu. Alikuwa nao tele, akautoa nje mzima mzima, na mama yake akajua panapouma. Wa kwangu angejuaje, ikiwa mimi nilikwenda kukaa mlangoni kimya?

Mdogo wangu aliondoka Jumatatu. Jumanne mchana tulikuwa tunakula, mimi na mama, naye hakuacha kumsifia: alivyonenepa vizuri, anavyocheka, nyumba ilivyopooza sasa. Kisha akanigeukia. "Na wewe umemhudumia bila kununa. Wewe huna wivu, mwanangu."

"Ninao," nikasema.

"Una nini?"

"Wivu, mama. Nilikuwa nao juzi ulipomtolea miiba. Nilikuwa nao ilipoletwa runinga. Na siku ile ya shubiri nilikaa mlangoni kwa sababu nilitaka unifuate."

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Jirani aliyekuwa anatwanga akasitisha mchi. Kisha nikaanza kulia, mimi mwenye wajukuu, kamasi zinanitoka. Mama alinitazama. Niliogopa kwamba atacheka kama alivyomcheka sokwe.

"Nilikuchungulia," akasema. "Nilikuona umekaa pale, unatazama barabara. Nilijua una uchungu. Nikasema afadhali huyu hatanisumbua. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Baadaye nikaona ule ukimya wako niuite sifa."

Nilikuwa nimetaka aseme kwamba hakujua.

"Sogea hapa," akasema. Nikasogea, nikaweka kichwa begani kwake, naye akanishika shingo kwa ule mkono wake mwepesi. Ndipo simu yangu ikaita. Ilikuwa ni mdogo wangu: amefika salama, nimpe mama azungumze naye.

Nilimwangalia mama. Tulikuwa tumegusana mabega, naye alikuwa anasikia kila neno.

"Mama amelala," nikasema.

"Saa hizi? Anaumwa?"

"Amechoka tu. Nimekaa naye hapa."

Mdogo wangu akaanza kunipa salamu, moja baada ya nyingine, nimfikishie akiamka. Katikati ya salamu hizo mama akashikwa na kikohozi. Nilikiona kinampanda kifuani. Akachukua pindo la khanga, akalisukuma mdomoni, akalibana kwa meno, mabega yakimtikisika, machozi yakimlengalenga, akakizuia mpaka nilipokata simu.