Beji Iliyobaki Msumarini

Jumanne, tarehe 14 Machi 2017, saa nne na dakika kumi asubuhi. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri.

Siku hiyo mkono wa rafiki yangu uliungua bila moto. Hakusikia hata joto.

Nilikuwa msimamizi wa usalama wa mionzi katika kampuni inayokagua mabomba. Fundi hubandika filamu kwenye bomba, kisha husukuma kwa waya kidonge chenye mionzi kutoka kwenye kasha lake zito, kupitia mrija. Picha ikitoka, ufa uliojificha ndani ya chuma huonekana.

Kidonge chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mahindi. Hakina harufu wala sauti, na hakina huruma.

Kwa hiyo kila fundi alivaa beji kifuani. Ilihesabu mionzi aliyoipata, na ikizidi ilipiga kelele. Hesabu ya mwaka ikijaa, kanuni ilitaka fundi ahamishiwe stoo.

Nilizisimamia kanuni hizo bila kumchekea mtu. Nimelala bwenini miaka sita. Sikufundishwa kupindisha mstari.

Fundi wetu bora alikuwa Chuma. Shuleni alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Jina hilo alilipata kwa sababu fimbo hazikuwahi kumtoa chozi.

Shule yetu ilituhesabu kwa vibati. Kila mmoja alitundika ubaoni kibati chenye namba yake. Jumapili moja, tukiwa kidato cha tatu, nilitoroka kwenda kumwona mama hospitalini. Chuma akaenda kunitundikia changu.

Alikamatwa nacho mkononi.

"Nimekiiba, mwalimu," alisema. "Nilitaka akose kuhesabiwa, achapwe."

Alipata viboko kumi na wiki mbili za kukaa nyumbani. Mwezi uliofuata, mimi niliyetoroka nikateuliwa kiranja.

"Nitakulipa," nilimwambia.

"Utalipa tu, Kiranja," alicheka. "Lakini usije kunilipa kwa kipande cha sabuni."

Turudi Jumanne ile. Kidonge kilikwama katikati ya mrija. Chuma alidhani kimerudi kwenye kasha. Akaushika mrija kwa mkono wa kulia, akahangaika nao kwa dakika nzima.

Beji ingepiga kelele mtaa mzima usikie. Lakini beji ilikuwa imetundikwa msumarini, chumba cha kubadilishia nguo.

Siku ya tisa mke wake alinipigia simu.

"Shemeji, njoo umwone mwenzako. Mkono unamenyeka kama kiazi kilichochemshwa, naye anang'ang'ania kwamba ni mafuta ya gari."

Nilipouona ule mkono, nilijua.

"Kwa nini uliiacha beji?"

"Hesabu ilikuwa inakaribia kujaa. Stoo ningefanya nini, Kiranja? Nihesabu boliti?"

Madaktari walianza na vidole vitatu. Kampuni ikakataa kugharimia matibabu: fundi amevunja kanuni mwenyewe, bila msimamizi kujua. Shemeji, mke wa Chuma, akauza cherehani yake. Mkono ukazidi kuoza.

Sasa nanyi mnaosoma, mvumilie. Sijawaambia nilikuwa wapi saa nne na dakika kumi.

Nilikuwa chumba cha kubadilishia nguo. Niliiona beji. Niliishika. Kupitia dirishani nilimwona Chuma uani, hatua hamsini tu, akisukuma waya.

Nikakikumbuka kibati. Nikairudisha beji msumarini taratibu, nikajiambia: leo tumemalizana.

Miaka yote ya kazi, mtu mmoja tu niliwahi kumfumbia macho. Ni yule aliyenipenda.

Ilinichukua wiki saba kuyasema hayo mbele ya kamati ya uchunguzi wa ajali. Walininyang'anya leseni. Kampuni ikakubali kulipia matibabu yote, na siku iliyofuata daktari akaukata mkono mpaka kiwikoni. Alisema wiki saba zilikuwa nyingi mno.

Ukimwona mtu wako ameacha kinga yake, mvalishe. Akikutukana, mvalishe hivyohivyo. Mionzi haijui kwamba mlisoma pamoja.

Nilikwenda wodini nikiwa na tai shingoni, kama mtu anayekwenda kukabidhi jambo.

"Nimesema ukweli, Chuma. Nimepoteza kazi. Deni la kibati nimelilipa."

Alijiinua kidogo kitandani.

"Beji uliiona?"

"Niliiona."

"Ukaiacha kwa sababu ya kibati?"

"Ndiyo."

"Basi ulishanilipa siku ile, Kiranja. Hili la leo sikukukopesha. Rudi nalo."

Shemeji, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda, aligeukia ukutani.

Nilinyoosha mkono nimuage. Chuma aliutazama, kisha akauingiza wake wa kushoto, ule pekee aliobaki nao, chini ya shuka.