Unga wa Siku Moja

Nilipoolewa niliingia katika nyumba ya chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la kitenge. Upande mmoja tulilala mimi na mume wangu, upande wa pili alilala mama yake. Ilikuwa katika laini za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, nje kidogo ya mji wa Nakuru, mahali ambapo upepo wa kiangazi ulibeba vumbi jeupe kutoka ziwani ukalimwaga juu ya kila kitu, hata juu ya chai.

Mume wangu alikuwa mpasua mbao. Mshahara ulitoka mwisho wa mwezi, na jioni hiyo hiyo alirudi na gunia la unga wa mahindi begani, akalisimamisha kwenye kona karibu na kitanda cha mama yake. Maharagwe, chumvi na mafuta ya taa tulinunua siku hiyo pia. Sukari iliisha kabla mwezi haujafika katikati, na ikiisha ilikuwa imeisha, tulikunywa chai chungu. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa nyumba, na mama mkwe aliupenda kuliko sisi sote. Alikuwa ameona njaa akiwa msichana, njaa iliyowamaliza ndugu zake wote isipokuwa mmoja. Kila asubuhi, kabla hajasali, alilishika lile gunia kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Mwenye gunia hulala," aliniambia. "Mwenye kibaba hukesha."

Kisha ikaja Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni. Vijana wetu walikuwa wameingia msituni kupigana, na serikali ilisema kwamba wanaishi huko kwa sababu sisi Wakikuyu tuliobaki kazini tunawalisha. Askari wakaanza kupekua laini. Mara za kwanza walitafuta silaha, wakapasua magodoro na kuchimba sakafu za udongo. Baadaye wakaanza kuangalia vyungu.

Jirani yetu wa mlango wa tatu alikuwa amenunua magunia mawili kwa mpigo kwa sababu wageni wangekuja kuzungumzia mahari ya binti yake. Askari aliyaona akamwuliza, "Mko watu wangapi humu?"

"Wanne."

"Watu wanne wanakula magunia mawili?"

Alijaribu kueleza habari ya wageni. Walimpandisha kwenye lori akiwa bado amefunga leso ya jikoni kiunoni, na magunia yake yakapandishwa nyuma yake. Binti yake alikimbia nyuma ya lori mpaka kwenye reli, akarudi peke yake.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini tulikaa sote watatu tukashauriana. Alitaka gunia liondoke siku hiyo hiyo. Mimi nilisema tununue kwa wiki.

"Unga wa wiki ni debe zima," alijibu. "Debe linaonekana. Nunua wa siku moja."

"Na nikienda kila siku, nitapita mbele ya askari wa kizuizi cha barabarani kila siku. Tena dukani kidogo kidogo ni ghali. Mhindi hapunguzi bei ya kibaba."

"Najua ni ghali. Utatupikia kidogo."

Nilikuwa na mimba ya kwanza, na yeye alilijua hilo aliposema maneno hayo. Hakunitazama. Mwishowe mama mkwe alisema, "Basi mmeamua tuishi kama ndege," akaingia nyuma ya pazia.

Unga wa lile gunia tuliupima kibaba kibaba, tukawagawia majirani kabla ya kafyu ya usiku. Tangu hapo nikawa mtu wa duka la kila siku. Nilibeba kikapu kidogo kisichoweza kuficha kitu, nikaonyesha karatasi zangu kizuizini, nikasubiri hadi askari amalize kuongea na wenzake. Dukani nilinunua unga wa siku moja, chumvi ya kukunjwa kwenye gazeti, na mara moja moja vitunguu. Maharagwe yakawa chakula cha Jumapili, na mafuta ya kupikia tuliyaacha kabisa. Mume wangu alipasua mbao kutwa nzima, na jioni ugali wake ulitosha sahani ya chai.

Mhindi wa duka alishangaa. "Mama, leo tena? Chukua debe. Mimi napunguza."

Nyuma yangu askari alikuwa amekalia kreti, anakunywa soda. "Pesa ni kidogo leo," nikasema.

Alimtazama yule askari, akanitazama mimi. Hakuniuliza tena. Lakini tangu siku hiyo, alipomaliza kupima, aliongeza konzi moja.

Hata hivyo unga haukutosha. Nilipima kwa macho asubuhi, na nilipotaka kusonga ugali niliona umepungua. Nilidhani ni panya. Mama mkwe naye alikuwa akila kidogo sana siku hizo, akisema tumbo linamsokota, nami nilimwamini kwa kuwa alikuwa amekonda.

Asubuhi moja nyapara wa shamba la jirani alikutwa ameuawa. Kabla ya saa sita laini zetu zilikuwa zimezungukwa. Wanaume walipelekwa kwenye uwanja uliozungushiwa waya kwenda kuchujwa, yaani kuhojiwa ijulikane nani anawasaidia watu wa msituni, mume wangu akiwa miongoni mwao. Sisi wanawake na watoto tuliamriwa tusitoke nje. Maji tulichota mara moja kwa siku, tukiwa kwenye mstari, bunduki ikiwa nyuma yetu. Dukani hapakuwa na wa kwenda.

Siku hiyo tulikula kilichokuwapo. Kesho yake tulikunywa maji ya moto yenye chumvi. Katika chumba kilichopakana na chetu watoto wa jirani walilia mpaka sauti zikakauka, halafu wakanyamaza, na ule unyamavu ulikuwa mbaya zaidi. Mtoto tumboni mwangu alikuwa amepunguza kucheza.

Siku ya tatu mama mkwe aliniita nyuma ya pazia. "Inua hapa," alisema.

Godoro lake lilikuwa gunia lililojazwa nyasi. Aliingiza mkono kwenye tundu la ubavuni, akatoa kifurushi cha kitambaa, kisha kingine, na kingine tena. Vyote vilikuwa na unga. Alikuwa akichota konzi kila siku kutoka kwenye unga wangu, na siku hiyo hiyo akijinyima chakula chake ili sisi tusipungukiwe sana.

"Mama! Wangeviona hivi wangetuua sote."

"Wangeniua mimi. Mimi ndiye ninayelala juu yake," alisema. "Washa moto."

Nilipika uji mwepesi. Tulikunywa, na kikombe kilichobaki tukakipitisha kwa watoto wa jirani kupitia tundu la ukutani chini ya paa.

Lakini moshi hauna pa kufichwa. Mchana askari wawili walikuja, wakainusa sufuria.

"Duka limefungwa siku zote hizi," mmoja wao alisema. "Unga umetoka wapi?"

Nilifungua kinywa. Mama mkwe alikuwa amekwisha kusimama mbele yangu.

"Ni wangu. Huyu ni mke tu wa mwanangu, hajui nilikouweka."

"Ulikuwa unampelekea nani msituni?"

"Nilikuwa nampelekea huyu," akasema, akaonyesha tumbo langu.

Askari mmoja, kijana, alicheka. Mwenzake hakucheka. Alipasua godoro kwa kisu, akapata kifurushi kimoja kilichobaki, na hicho kilitosha. Walimpeleka kwa afisa mzungu aliyekuwa kwenye gari, naye hakumwuliza lolote, akasema tu arudishwe rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, kwao. Kwao! Alikuwa ameondoka huko akiwa msichana, akiwafuata watu waliokuwa wakija kulima mashamba ya wazungu huku Bonde la Ufa. Hakuwa na shamba huko, wala nyumba, na yule ndugu yake mmoja alikuwa amekufa zamani.

Aliruhusiwa kubeba mzigo mmoja. Alifunga blanketi na kikombe. Alipokuwa akipandishwa kwenye lori aligeuka akaniambia, "Usitie chumvi nyingi kwenye uji. Miguu yako itavimba." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho kwangu.

Mume wangu alirudi baada ya siku chache. Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii tena. "Mama yuko wapi?" aliuliza, nami nikamweleza upande wa sikio zuri. Alikaa juu ya kitanda cha mama yake, katikati ya nyasi zilizotawanyika, akazirudisha moja moja ndani ya gunia mpaka giza likaingia. Hakunilaumu, wala hakujilaumu kwa sauti.

Nilijifungua msichana, tukampa jina la nyanya yake kama desturi inavyotaka. Niliendelea kwenda dukani kila siku, sasa nikiwa na mtoto mgongoni, kwa kuwa upekuzi haukukoma.

Habari za mama mkwe zilitufikia kupitia kwa fundi mmoja aliyekuwa ametoka rizavu. Alituambia kwamba mama alikufa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, ambamo serikali iliwakusanya watu kwa nguvu, wakati ambapo watu wengi huko walikuwa wakifa kwa njaa. Ilichukua muda mrefu mume wangu kupata ruhusa ya kusafiri. Tulipofika, mwanamke mmoja alitupeleka mahali nyuma ya kijiji palipokuwa na vifusi vingi vya makaburi, vifupi na virefu, visivyo na alama.

"Ni kipi?" mume wangu aliuliza.

"Baba, sijui. Tulikuwa tukiwazika wakati ambapo sisi wenyewe hatuna nguvu ya kusimama."

Alivua kofia. Alianza kwenye kifusi cha kwanza, akainama, akakigusa, akasema, "Mama." Akaenda cha pili. Nilimfuata na mtoto mgongoni mpaka tukavimaliza vyote, kisha tukateremka haraka barabarani, kwa sababu karatasi yetu ya ruhusa ilikuwa inaisha jioni hiyo.